Maswali na majibu: bata mwitu wa jioni kwenye vidimbwi

Kila msimu wa bata mwitu unapofunguliwa Uingereza tarehe 1 Septemba, tunapata maswali kutoka kwa wasomaji wanaoishi huko, wengi wao wakiwa wamealikwa kwa mara ya kwanza kwenye kidimbwi cha mkulima. Tumechagua yale yanayojirudia.

Shikamooni. Nimeambiwa kidimbwi kinalishwa kwanza ndipo kiwindwe. Nimwage nafaka kiasi gani? (Lincolnshire)

Marahaba. Anza wiki tatu kabla ya jioni ya kwanza. Shayiri inafaa, hata ile ya mabaki ya ghala yenye punje zilizovunjika. Bata anayekuja vidimbwini zaidi ni maladi, yule ambaye dume lake lina kichwa cha kijani, na huyu hapigi mbizi kutafuta chakula. Hupindua kichwa chini, mkia ukabaki juu, akachokonoa matope. Kwa hiyo punje zikizama kwenye kina kirefu amezikosa. Mwaga penye maji ya sentimita 15 hadi 30.

Kwa bata ishirini hivi, kilo mbili kila alasiri zinatosha kuanzia. Rusha kwa mkono, zisambae. Ukizimwaga rundo moja, wababe wanne hushiba na wengine hufukuzwa. Nenda saa ileile kila siku, mapema kabla ya giza, umwage na uondoke.

Asubuhi rudi ukague. Kunja mkono wa shati, upapase chini ya maji. Ukikuta manyoya yanaelea, matope yana vishimo vidogo na punje hakuna, ongeza kidogo jioni hiyo. Ukikuta punje bado zipo, usimwage. Nafaka iliyochacha huharibu maji, na ile inayobaki ukingoni huita panya.

Kosa tunalolisikia sana ni la mtu mwenye kazi nyingi: anamwaga gunia zima Jumamosi akidhani litatosha wiki. Bata wanakula usiku mbili tatu, halafu wanakuta patupu na kuhamia kwingine. Kama huwezi kwenda kila siku, patana na mtu wa shambani akusaidie.

Mara ya kwanza walikuja wengi. Tukarudi baada ya siku nne, wakaja wachache. Mara ya tatu hatukuona hata mmoja. Tumekosea wapi? (Yorkshire)

Mmekichosha kidimbwi. Kidimbwi kidogo kipumzishwe wiki mbili, tatu ni bora zaidi, huku mkiendelea kukilisha kama kawaida. Bunduki mbili au tatu zinatosha. Zikizidi hapo, kila bata anayezunguka kujihakikishia usalama anapigwa kutoka upande mmoja au mwingine, na anayenusurika harudi.

Jambo la pili ni zito kuliko la kwanza: ondokeni wakati bata bado wanaingia. Ni vigumu, maana hapo ndipo moyo umechangamka, lakini wale wanaochelewa wakitua kwa amani na kula, ndio watakaoleta wenzao kesho. Na msimu ukifungwa msikate chakula siku hiyohiyo. Februari ni mwezi wa njaa kwao, kwa hiyo punguzeni polepole.

Nikae wapi? Na nitawaonaje gizani? (Norfolk)

Bata hutua akiukabili upepo, kama ndege ya abiria. Ukisimama upepo ukikupiga mgongoni, atakuja akikuelekea. Upepo wa ubavuni pia unafaa. Kisha tafuta mwanga: jua likishazama, upande wa magharibi hubaki weupe kwa muda, na bata anayepita mbele yake huonekana kama kivuli cheusi. Ukilazimika kuchagua kati ya upepo na mwanga, sisi huchagua mwanga, maana usichokiona hukipigi.

Usiku wa mawingu mepesi yenye mwezi nyuma yake ni mzuri kuliko usiku wa nyota, kwa sababu anga safi ni jeusi na bata hupotelea humo. Mwezi mpevu nao una taabu yake: bata huchelewa, au huja saa yoyote wapendayo. Jioni za upepo mkali hupita chini zaidi.

Maficho yafike kifuani, ya matete au wavu, na nyuma yako pawe na kichaka ili umbo lako lisijitokeze. Anayewashtua bata mara nyingi ni uso unaoinuliwa ghafla, kwa hiyo vaa kofia yenye ukingo na uinue macho kabla ya kuinua kichwa. Chomeka fimbo nyeupe umbali wa mita 30 kutoka ulipo. Gizani kila bata huonekana karibu. Fimbo itakuambia ukweli. Aliye nje ya hapo mwache apite.

Desemba jua huzama Norfolk kabla ya saa kumi alasiri, kwa hiyo uwe umeshatulia mahali pako jua likizama. Bata wengi huingia ndani ya nusu saa moja hivi. Ukishindwa kuona uliyempiga ameangukia wapi, wakati wa kufungua bunduki na kutoa risasi umefika, hata kama bado unawaona angani.

Nina bunduki ya babu mkwe, ya mitutu miwili. Nitumie marisau gani? (Kent)

Madini ya risasi hayaruhusiwi. Sheria ya England inayakataza kwa bata mwitu popote tangu 1999. Sababu iko ndani ya bata mwenyewe: humeza changarawe ili firigisi lisage nafaka, na punje ya risasi iliyozama matopeni huiona changarawe. Firigisi huisaga polepole, sumu ikaingia kwenye damu, na bata akafa kwa kukonda siku nyingi baadaye, bila kupigwa na mtu.

Marisau ya chuma ndiyo mbadala wa kawaida, lakini kabla ya kuyapitisha kwenye bunduki kongwe ipeleke kwa fundi bunduki. Atapima unene wa mitutu, atasoma alama za majaribio, na atakuambia kama midomo imebanwa mno. Chuma hakibonyei kama risasi, kwa hiyo mdomo uliobanwa sana huweza kuharibika. Ikikataliwa, kuna marisau ya bismathi, laini kwa mtutu ila ghali.

Chuma ni chepesi, hupoteza kasi mapema. Panda saizi mbili, ukikumbuka kuwa namba ikipungua punje huwa kubwa: kama ungetumia namba 6 ya madini ya risasi, chukua namba 4 ya chuma.

Mbwa wangu ni labrado wa miezi kumi na anapenda sana maji. Niende naye? (Suffolk)

Mwache nyumbani msimu huu. Kupenda maji ya Julai si sawa na kuogelea Desemba gizani huku bunduki zinalia. Mbwa mchanga akishikwa na baridi kali au hofu mara moja, unaweza kutumia mwaka mzima kumrudisha. Mfundishe sasa kukaa kimya kando yako jioni, na kutafuta mdoli wa kurushwa kwenye matete wakati mwanga umefifia, ajifunze kuiamini pua yake kuliko macho.

Atakapokuwa tayari, mvue ukosi kabla ya kuingia majini, maana tawi lililozama likiunasa anaweza kuzama. Bata aliyekufa anayeelea hana haraka. Upepo utamsukuma hadi ukingo wa pili. Wa kumkimbilia ni aliyejeruhiwa. Huyo huzama, akaibukia chini ya mizizi ya ukingoni, akatulia huku ncha ya mdomo tu ikiwa juu ya maji. Wewe utapita hatua mbili kutoka hapo usimwone. Mbwa atamwona kwa pua, ukimleta kutoka upande ambao upepo unaelekea. Hesabuni kila anayeanguka, na hesabu isipotimia rudini alfajiri na mbwa. Tochi ni ya kuokotea baada ya bunduki kufungwa. Kuwinda kwa taa ni kosa kisheria.

Usimtume mbwa juu ya barafu hata kwa bata mmoja aliye karibu.

Mkimaliza, mkaushe kwa taulo hadi tumboni na umvike koti. Kesho yake mkia ukining'inia kama kamba iliyolowa, usishtuke: ni misuli iliyoathiriwa na baridi. Joto na mapumziko ya siku chache hutosha kwa kawaida, ila maumivu yakizidi mwone daktari wa mifugo.

Je, bata hao ndio tunaowaona Naivasha? (Nakuru)

Yupo mmoja wa kuangaliwa sana. Ni bata mdogo mwenye mstari mweusi unaopita jichoni, anayeitwa gagani, ambaye huzaliana Ulaya na kuvuka Sahara kuja kwenu. Uingereza analindwa, haruhusiwi kupigwa. Mwanzoni mwa Septemba baadhi yao bado hawajaondoka, na jioni hufanana mno na tili, bata mdogo anayeruhusiwa. Ndiyo maana tunawasihi wawindaji wawaache bata wadogo wapite siku hizo za mwanzo, isipokuwa mwanga unatosha kumtambua.

Ninafuga kuku nyumbani. Kuna hatari? (Leicester)

Ipo. Mafua ya ndege yamewasumbua sana ndege wa Uingereza tangu 2021, na bata mwitu anaweza kuyabeba bila kuonekana mgonjwa. Badilisha buti na nguo kabla ya kukaribia banda, nyonyolea bata mbali nalo, na usiwape kuku mabaki. Ukimkuta bata amekufa kidimbwini bila kupigwa, usimguse na usimruhusu mbwa amchukue. Toa taarifa kwa mamlaka. Waliopigwa watundike mmoja mmoja penye ubaridi, wasirundikwe kwenye mfuko wangali na joto, maana nafaka iliyo kooni huchacha haraka na nyama ikanuka kabla hujafika jikoni.