Kanuni za kupuuza migongano: ipi uwashe, ipi uiache

Swali: Shikamoo injinia. Ninaratibu modeli za kiwanda cha minofu ya sangara kinachojengwa kando ya ziwa, Ilemela. Zote zinatoka Revit (programu ya kuchorea majengo), nami naziunganisha kwenye Navisworks, programu inayotafuta vitu vinavyogongana kwenye modeli. Jaribio la kwanza lilitoa migongano zaidi ya 3,000, mingi ya kipuuzi: bomba na kiungio chake, bomba na insulesheni yake, bomba na ukuta. Mwenzangu akaniambia niwashe kanuni zote za kupuuza, zile zinazoiambia programu ni migongano gani isiihesabu. Nikawasha, ikabaki 12. Bosi amefurahi, mimi sina raha. Zipi ni salama, na nizihamishieje kwenye kompyuta ya mwenzangu?
*Msomaji, Mwanza*

Jibu: Marahaba. Una haki ya kukosa raha. Zima zote kwanza, kisha tuzipitie, maana hazina uzito sawa.

Inayonitia hofu zaidi ni ile ya kupuuza vitu vya leya (tabaka la mchoro) moja. Aliyezoea AutoCAD ataiona haina neno. Lakini faili ya Revit ikiingia Navisworks, leva za jengo, yaani ngazi za sakafu zake, ndizo zinazosomwa kama leya. Kwa hiyo umeiambia programu isihangaike na vitu viwili vya faili moja vilivyo kwenye leva moja. Kiwanda cha samaki kwa sehemu kubwa ni jengo la chini tu: sakafu ya kuchakatia, vyumba vya baridi, mapokezi ya samaki, vyote leva moja. Hapo umeficha karibu kila mgongano ndani ya faili hiyo.

Kanuni ya kupuuza vitu vya faili moja nayo inategemea mafaili yalivyogawanywa. Ukipima faili ya muundo dhidi ya faili ya mabomba, haina faida wala hasara. Ila wakandarasi wetu wengi hutoa faili moja yenye maji safi, maji taka, mabomba ya jokofu na trei za nyaya kwa pamoja. Ukiiwasha hapo, bomba la amonia ya jokofu linaweza kupita katikati ya trei ya umeme na ripoti ikawa nyeupe.

Zilizobaki ni za kistaarabu. Ya vitu vinavyounda kifaa kimoja, kama mlango na fremu yake, iache imewashwa. Ya vitu vinavyokutana nukta kwa nukta inasaidia kwenye mabomba yaliyoungana mwisho kwa mwisho.

Sasa angalia jambo moja kabla bosi hajatuma ripoti. Navisworks ikiupata mgongano leo na kesho isiupate, huupa hadhi ya "Resolved". Haijui kama bomba limehamishwa au wewe umewasha kanuni. Hiyo migongano iliyopotea sasa inasomeka kwamba imetatuliwa, na hakuna fundi aliyegusa kitu. Ndiyo maana mimi hutumia kanuni kwa kile tu ambacho kwa asili yake hakiwezi kuwa mgongano. Kinachohitaji mtu akiangalie na kuamua, hata kama jibu ni "kiacheni kilivyo", kipe "Approved" na maelezo mafupi. Jina la aliyekubali na tarehe vinabaki. Kanuni haiachi alama kama hiyo.

Bomba na ukuta, kwa mfano. Ukuta wa tofali fundi anatoboa, lakini wa zege hatoboi mpaka mhandisi wa muundo aseme. Usitunge kanuni ya kupuuza kuta. Gawa kuta katika seti mbili za utafutaji (makundi ambayo programu huyajaza yenyewe kwa kutafuta sifa za vitu), za zege na za tofali, kila moja na jaribio lake. Jaribio la tofali ndilo litakalokupa orodha ya matundu ya kumpa mkandarasi kabla hajapandisha ukuta. Kuta za paneli za vyumba vya baridi zipe seti ya tatu, maana kila tundu pale lazima lizibwe vizuri, la sivyo unyevu unaingia na barafu inajijenga.

Insulesheni iweke upande mmoja na bomba lake, upande wa pili uwe muundo. Jaribio halilinganishi vitu vya upande mmoja vyenyewe kwa vyenyewe usipoliagiza, kwa hiyo ule utitiri wa bomba na insulesheni unaisha bila kanuni yoyote. Kama mkandarasi hakuichora, tumia jaribio la nafasi (clearance), linaloonyesha hata vitu vilivyokaribiana mno, na uweke unene wake. Kama ni 50 mm, andika 50 mm.

Toleransi, yaani kina cha kuingiliana unachokubali kisihesabiwe, pia ni kanuni, ila haiitwi hivyo. Ukiweka 25 mm, bomba lililozama 20 mm ndani ya boriti halitaonekana. Bomba la maji taka lenye mteremko wa 1 kwa 60 hushuka 200 mm katika mita 12. Mwanzoni linapita vizuri, mwishoni linagusa boriti ya msingi kwa milimita chache tu. Kwa maji taka mimi huweka 5 mm na kuvumilia kelele za migongano midogo. (Na kwa kuwa uko Mwanza: mwamba haumo kwenye modeli mpaka mpimaji auingize. Programu haiwezi kugonga jiwe isilolijua.)

Kuhamisha ni rahisi. Toa majaribio kama faili ya XML, mwenzako ayaingize. Yanakwenda na aina ya jaribio, toleransi, kanuni na seti za utafutaji. Yale uliyoyajenga kwa kuchagua vitu kwa mkono hayaendi, kwa hiyo yajenge upya kwa seti za utafutaji. Kisha mwambie afungue kila seti na kuona inashika vitu gani kabla ya kuendesha. Kama kwenye modeli zake kuta zimeitwa jina tofauti, seti itarudi tupu, na jaribio la seti tupu hutoa sifuri.