Kile kimtumbwi cha Ziwa Chala ni nini?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mimi niko fomu tatu huku Taveta, juzi tuliteremka Chala na wenzangu wa klabu ya sayansi tukachota maji na chupa ya soda, kuyaweka kwenye hadubini ya shule tukaona vidude vya kahawia kama dhahabu, vimepinda kama mtumbwi. Mwalimu kasema ni daiatomu, jenasi Cymbella. Rafiki yangu anabisha eti hiyo inakaa mitoni tu. Nani mkweli? Picha mbili nimetuma.

JIBU: Rafiki yako kakosea, Cymbella mitoni ipo na ziwani ipo. Mwalimu amefika karibu, kabakiza hatua moja. Daiatomu ni kweli, yaani mwani wa seli moja unaojijengea ganda la silika, malighafi ileile ya kioo. Sasa rudi kwenye picha yako ya pili: mgongo umetuna, tumbo karibu limenyooka, na hapo ndo kila mtu anakimbilia kusema Cymbella. Lakini tazama ncha! Moja pana, nyingine imechongoka. Cymbella ncha zake zinafanana. Mgongo umetuna halafu na ncha hazilingani, hiyo mimi naiita Afrocymbella, na Chala inayo moja inayoelea kwa wingi, Afrocymbella barkeri, ilielezwa mara ya kwanza 2016 kutoka ziwa hilohilo.

Ila kwa picha ya kiumbe hai siweki saini, maana kloroplasti (hiyo dhahabu yenu) imeziba mistari ya ganda. Mwombeni mwalimu awasafishie sampuli kwa haidrojeni peroksaidi, msifanye wenyewe, inaunguza, kisha suuzeni mara kadhaa na maji yaliyochemshwa mvuke wake ukakusanywa, mkaangalie kwa lenzi ya 100 yenye mafuta. Pimeni urefu na upana, mhesabu mistari kwenye kila mikromita 10.

Na hiyo "juzi" ni tarehe ngapi? Siulizi bure. Chala ni kreta, yaani shimo la volkano, kama mita 880 juu ya bahari, kina kinapita mita 90, na maji yake mengi yanapenya chini ya ardhi kutoka misitu ya Kilimanjaro. Virutubisho vinazama huko chini, ila Julai hivi hadi Septemba, kusi ikivuma na baridi ikiingia maji ya juu yanakorogeka, vinapanda, daiatomu wanazaana mno, wakifa maganda yanatua chini yanaacha utando mweupe, mvua zikija unatanda mweusi juu yake, mwaka baada ya mwaka kama pete za mti. Ndo maana 2016 watafiti walikuja kuchoronga tope la humo.

Kwa hiyo mkichota tena andikeni tarehe kwenye chupa, na chupa ifungeni kamba ndefu mkae mbali na maji, Chala imewahi kuwa na mamba.