Paneli za kichwa chini usiziandike kichwa chini

Kadi za kwanza nilizoharibu hapa Bukavu zilikuwa za ndoa, na kosa lenyewe lilikuwa tarakimu moja.

Mama wa bibi arusi alifika kwenye imprimeri yetu, pale Nyawera, kuangalia kazi kabla hatujachapa. Umeme ulikuwa umerudi muda si mrefu na nilitaka kuchapa kabla haujaondoka tena, kwa hiyo nikampa karatasi ya A4, ile inayochapwa upande mmoja na kukunjwa mara mbili kuwa kadi, ikiwa bapa, bila kuikunja. Akaigeuza, akaigeuza tena, akatoa miwani.

"Mwana, mbona nusu yake iko kichwa chini?"

"Njo inavyotakiwa, Mama. Tukiikunja itasimama sawa."

Nilijibu kwa majivuno ya fundi. Akachukua kalamu, akazungushia duara tarakimu moja ya namba ya simu kwenye paneli ya ndani (paneli ni uso mmoja wa kadi iliyokunjwa), akaandika pembeni ile iliyo sahihi. Alipoondoka nikaishika karatasi kwa upande wangu, nikasoma 9. Mama alikuwa ameandika 6. Kadi 200 zikatoka hivyo, na wiki nzima mtu tusiyemfahamu akawa anapigiwa simu na wakwe wanaouliza njia ya kufika ukumbini. Kurudia tulirudia, kwa karatasi zetu na wino wetu.

Tangu hapo mteja wangu haoni karatasi bapa. Anapewa kadi iliyokunjwa, anaifungua kama atakavyoifungua mgeni wake, na akitaka kusahihisha anaandika juu ya hiyohiyo.

Lakini hilo ni la mteja. Sisi tunaokaa mbele ya kompyuta tuna shida yetu, na ninawaona vijana wengi wakiteseka nayo bure: wanaandika maneno yakiwa yamepinduliwa, shingo zimepinda kama wanatafuta kitu kilichoanguka chini ya kitanda. Nami nilifanya hivyo karibu mwaka mzima.

Kabla ya kuwasha kompyuta, chukua karatasi ya A4, hata iliyokwisha kuchapwa upande mmoja. Isimamishe, upande mweupe ukutazame. Nusu ya juu ikunje kwa nyuma, kisha nusu ya kushoto nayo ikunje kwa nyuma, mkunjo ukiwa kushoto kama wa kitabu kilichofungwa. Una kadi ya A6 mkononi, mm 105 kwa 148. Andika 1 kwa penseli kwenye uso wa mbele, ifungue uandike 2 kushoto na 3 kulia, halafu 4 mgongoni. Kila namba iwekee mshale unaoelekea juu. Sasa ikunjue yote.

Chini kulia utaona 1, chini kushoto 4, zote zimesimama. Juu kuna 2 na 3, mishale yake inaelekea chini. Ila tazama tena: 3 ndiyo iliyo kushoto, na 2 iko kulia. Hapo ndipo wengi wanapoangukia. Fundi anapanga ndani ya kadi vizuri, ukurasa wa kushoto na wa kulia, kisha anashika kila paneli peke yake na kuizungusha hapohapo ilipo. Maneno yanapinduka kama yanavyotakiwa, lakini paneli hazijabadilishana nafasi. Ukikunja, mgeni anaanza kusoma ratiba ya sherehe kabla ya kujua nani anaoa nani. Tena kosa hili halionekani kwenye kioo cha kompyuta, kwa sababu kila paneli ukiitazama peke yake ni nzuri kabisa.

Dawa yake ni kutozigusa moja moja. Mimi natengeneza ndani ya kadi kwenye ukurasa wake, mm 210 kwa 148, umelala na umesimama sawa kwa macho yangu. Naandika, nasahihisha, naweka maua, namwita mwenzangu asome majina ya koo zote mbili, maana kosa kwenye jina la ukoo halisamehewi. Kazi ikikwisha naunganisha vyote kuwa kitu kimoja, nakizungusha digrii 180 mara moja, nakipeleka nusu ya juu ya A4. Vikizunguka pamoja, 2 na 3 zinabadilishana nafasi zenyewe. Mteja akirudi na sahihisho, narudi kwenye ule ukurasa uliosimama.

Kama unatumia InDesign, programu ya kupanga kurasa, tangu toleo la CS4 kuna amri ya kuzungusha kurasa kwa macho tu: unachokiona kinageuka, unaandika kikiwa kimesimama, na karatasi itakayochapwa haibadiliki. CorelDRAW nayo, kwenye mpangilio wa ukurasa, ina aina za kadi za kukunjwa. Unatengeneza kila uso ukiwa wima, yenyewe inapindua wakati wa kuchapa. Wanaotumia Publisher wamezoea kadi za namna hiyo zilizo tayari, lakini Microsoft imetangaza kuwa itaiacha Oktoba 2026, basi anzeni kuhama mapema.

Kuzungusha si kugeuza kama kioo. Vitufe viwili hivyo hukaa karibu, na mkono wenye haraka hubonyeza kisicho chake. Kwenye maandishi utajua mara moja, herufi zinakwenda kinyume. Kwenye picha hutajua. Niliwahi kugeuza picha ya bwana na bibi arusi hivyo, kisha kuizungusha, nikaridhika kwamba imekaa vizuri. Dada wa bwana arusi ndiye aliyeshtuka: saa ya kaka yake ilikuwa imehamia mkono wa kulia.

Halafu kuna kingo. Printa ya ofisi haifiki ukingoni mwa karatasi; huacha mm 4 au 5, nyingine zaidi. Katika paneli iliyopinduliwa, miguu ya maandishi ndiyo inayogusa ukingo wa juu wa A4. Na miguuni ndipo tunapopenda kuweka namba ya simu na "tafadhali thibitisha". Ikiwa umeacha nafasi kubwa juu ya paneli ukaibana chini, umeacha mahali pasipohitaji. Mimi naacha mm 10 pande zote, sibishani na printa.

Kadi za kusimama mezani, zile za namba ya meza ukumbini, ni rahisi zaidi: kwenye karatasi bapa vichwa vya pande mbili vinatazamana kwenye mkunjo, basi. Vikitazamana kwa miguu, pande zote mbili za meza zitasoma namba iliyopinduka.

Vijitabu vya misa vina adhabu yao. Hapo hupindui kitu wewe, printa ndiyo inayokupindulia. A4 iliyolala, yenye kurasa mbili za A5 zilizokaa sambamba, ikichapwa pande mbili lazima igeuzwe kwa upande mfupi. Ukichagua upande mrefu, nyuma yote inatoka kichwa chini, na waumini watakuwa wanazungusha vitabu katikati ya Utukufu. Jaribu kwa karatasi moja kabla ya kuagiza 150.

Na karatasi yenyewe: kadi inayokunjwa mara mbili haitaki karatasi nene. Gramu 100 au 120 kwa mita ya mraba inakaa vizuri. Wateja wetu wanapenda nene kwa sababu inaonyesha heshima, lakini gramu 250 ikikunjwa mara ya pili inapasuka rangi kwenye kona na kufunguka yenyewe mezani. Wakishikilia nene, nawatengenezea ya mkunjo mmoja, nachapa pande mbili, na mstari wa mkunjo naupitisha kwanza kwa rula na kalamu iliyokwisha wino.

Yule Mama alirudi mwaka uliofuata kwa ajili ya binti wa pili. Nikamkabidhi kadi iliyokunjwa. Akaifungua, akasoma namba ya simu kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, kisha akaipindua kichwa chini kwa makusudi na kuisoma tena huku ananitazama juu ya miwani.