Sheria ya Ufaransa hailazimishi kutoa kila kitu

Husemwa kwamba Ufaransa inalazimisha kila duka kugawa chakula chote kilichobaki. Hapana, sheria yake ya Februari 2016 haisemi hivyo. Inayabana maduka yenye eneo la kuuzia linalozidi mita za mraba 400: yawe na mkataba wa maandishi na shirika la misaada, tena yasiharibu makusudi chakula kinacholika, mathalani kwa kukimwagia dawa ya kusafishia. Mwaka 2016 faini ya kuharibu chakula hivyo iliwekwa euro 3,750. Kiasi cha kutoa hakikutajwa, na huo kwangu ndio udhaifu wake mkubwa.

Shida yenyewe iko mlango wa nyuma, wakati wa makabidhiano. Kuchambua ni kazi ya duka, si ya wanaojitolea. Yai lenye ufa, pakiti ya nyama iliyovimba, trei iliyochanika: hivyo havitoki. Kisha soma tarehe. Ile ya "tumia kabla ya" ni ya usalama, ikipita basi. "Bora kabla ya" inahusu ladha na ubora tu, kwa hiyo biskuti zilizopita wiki moja bado zinatoleka. Vyenye tarehe ya usalama vinatakiwa vibakiwe na saa 48, isipokuwa shirika lina uwezo wa kuvigawa upesi zaidi. Lina haki pia ya kukataa mzigo.

Mtindi na nyama vipimwe joto palepale, kisha nyuzi, kilo, muda na sahihi viandikwe kwenye fomu. Bila karatasi hiyo, nafuu ya kodi ambayo duka hupata kwa kutoa chakula itakusumbua kuidai.