Mpe kijana, lakini msome pamoja

Tumsifu Yesu Kristo, mama. Umeuliza kama The Power and the Glory ya Graham Greene itamyumbisha kijana wako anayejiandaa kwa Kipaimara, kwa kuwa padre wa riwaya hiyo ni mlevi na amezaa mtoto.

Mimi ningempa, ila ningeisoma naye. Riwaya hiyo ya mwaka 1940 imejengwa juu ya mateso ya Kanisa katika jimbo la Tabasco, Mexico, ambako makanisa yalifungwa na mapadre wakalazimishwa kuoa au kukimbia. Padre huyo anajijua kuwa si mwema. Anaogopa, anakunywa. Hata hivyo, akiwa ameshatoroka, akiitwa kumwungamisha mtu anayekata roho anarudi kule kwenye hatari, ijapokuwa anahisi ni mtego. Katekisimu inafundisha kwamba nguvu ya sakramenti haitegemei utakatifu wa anayeitoa. Kijana anaweza kulikariri fundisho hilo bila kuguswa nalo. Akimfuata mtu huyu anayetetemeka, ukurasa baada ya ukurasa, litamwingia moyoni.

Hofu yako si ngeni. Mwaka 1953 Ofisi Takatifu ya Roma, idara ya Vatikano iliyolinda mafundisho ya imani, iliilaumu riwaya hii, ingawa baadaye Papa Paulo VI, aliyekuwa ameisoma, alimtia moyo Greene asijali.

Sura ya gerezani msiipite haraka. Padre anawaambia wafungwa yeye ni nani, na zawadi ya fedha imetangazwa kwa atakayemtaja. Hakuna anayemsaliti. Mwulize mwanao: kwa nini?