Kuunganisha tovuti za chuo: msianzie kwenye ukurasa wa mbele

Mkuu, umesema chuo chenu hapa Dar kina tovuti kwa kila kitivo na taasisi, na uongozi unataka zote ziwe moja kabla ya udahili. Msianze na muonekano. Vikao vitaishia kubishania rangi na nembo.

Waombe watu wa TEHAMA orodha ya DNS (rejista inayoonyesha kila anwani inaelekea seva gani) ya jina lenu la .ac.tz. Mtakuta tovuti ambazo wenyewe walishastaafu. Zilizo kwenye Drupal 7, toleo la zamani la programu ya kuendeshea tovuti, zitangulie kuhamishwa, maana ilikoma kupata marekebisho ya usalama Januari 2025.

Moodle (mfumo wa masomo ya mtandaoni), mfumo wa matokeo na hazina ya tasnifu viacheni kwenye anwani zake. Kurasa zinazohama ziwekewe elekezo la kudumu, yaani 301, linalompeleka msomaji kutoka anwani ya zamani hadi mpya, ukurasa kwa ukurasa. Mkizirusha zote kwenye ukurasa wa mbele, Google inaweza kuzihesabu kama hazipo, na wahadhiri watalalamikia viungo vya machapisho yao (kwa haki kabisa).

Kazi ngumu ni siasa. Mkuu wa kitivo haachii tovuti yake kwa waraka tu. Mpeni mhariri wake mwenye ruhusa ya kuchapisha kurasa za kitivo. Na wiki ya udahili msizime chochote.