Siku inaisha, tasnifu iko palepale

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mhadhiri msaidizi, mwaka wa pili wa shahada ya uzamivu. Napima upotevu wa mahindi ghalani huko Kilosa. Mchana kutwa nafundisha, nasahihisha, natumwa vikaoni, wanafunzi wanagonga mlango. Usiku nikifungua kompyuta, nasinzia. Ratiba za kwenye simu hazinidumu hata wiki. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ratiba za simu achana nazo. Saa zako nzuri umeshawagawia wengine, utafiti ukaachiwa saa ya usingizi. Hapo hata ratiba ya dhahabu haisaidii.

Chukua karatasi, gawa kazi zako mafungu mawili: zinazopitia mikononi mwa wengine, na zinazokungoja wewe tu. Fungu la kwanza ndilo linalowamaliza watafiti wachanga. Barua ya kibali inatoka chuoni, inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, kwenye kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Kila meza ina siku zake. Mahindi ya masika huko yanaanza kuvunwa Juni hivi. Ukikamilisha barua Septemba, yalishaingia ghalani, na dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, hangoji mhuri. Uzito na unyevu wa mwanzo umevikosa mpaka msimu ujao. Kwa hiyo barua, oda ya mifuko ya PICS (ile ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa), miadi ya maabara, rasimu ya kumpelekea msimamizi, vyote vitoke mezani kwako kwanza, hata kama rasimu ina makengeza. Vitatembea wewe ukiwa darasani.

Kusoma, kuchambua na kuandika kutengee alfajiri, saa kumi na moja na nusu hadi saa moja na nusu, siku nne za juma. Nyumbani, si ofisini, na simu iwe chumba kingine. (Kama una mtoto mchanga, alfajiri si yako; tafuta saa nyingine, ila isihamehame.) Wapo wanaosifu mtindo wa Mwitaliano Francesco Cirillo wa kufanya kazi dakika 25 kisha kupumzika. Kwa kuandika naona ni fupi mno, unakatizwa ndiyo kwanza mawazo yanakaa sawa. Kwa kusahihisha unafaa sana.

Ukiwa kijijini, usilale kabla hujaandika ya siku hiyo. Mkulima akikwambia madebe mawili yaliharibika, ukingoja Jumamosi hutakumbuka kama alisema kabla ya kupukuchua au baada. Ni tofauti kubwa hiyo, na kumrudia kumuuliza ni nauli nyingine ya bodaboda.

Wanafunzi wabandikie mlangoni saa zao, tuseme Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi. Watazoea.

Mkuu wa idara usimwambie huna muda, maana naye hana. Mpelekee kalenda ya mavuno ya Kilosa kwenye karatasi moja, umwoneshe wiki zinazogongana na mitihani ya mwisho wa mwaka, na umtajie mwenzako aliyekubali kusimamia kwa niaba yako, nawe utamlipa zamu hizo muhula unaofuata. Nenda sasa, kabla ratiba ya mitihani haijabandikwa.